Damari Mathayo, Aliyevunjika Mkono Akafa kwa Moyo

Mchungaji, wazee wa usharika, ndugu wa Ulemo, na ninyi mliotembea kwa miguu kutoka Kinampanda: mimi ni Isaka Mathayo, mwalimu, kaka yake marehemu. Nimepewa kazi ya kuandika habari za maisha yake na kuwasomea kabla hatujamweka kaburini. Nimeombwa pia niandike kwamba Mungu alimpenda zaidi yetu, ndiyo maana akamchukua. Hilo sikuliandika. Nina hasira, na mtu mwenye hasira akilazimishwa kusema maneno matamu msibani atasema uongo. Juu ya marehemu huyu uongo umekwisha kusemwa wa kutosha.

Damari alizaliwa Kinampanda tarehe 9 Aprili 1926, mtoto wa pili wa marehemu Mathayo Kitundu na mama yetu Selina, ambaye mnamwona pale kwenye mkeka. Alibatizwa tarehe 1 Agosti mwaka huohuo. Alianza kusema mapema, na tangu aanze hakupumzika. Mama husimulia kwamba alipotumwa kulinda kuku wasile uwele uliowekwa juani, aliwakemea kuku mmoja mmoja kwa majina aliyowapa mwenyewe, na jogoo akamhubiria kabisa. Nyumbani tulikuwa tunamwambia nyamaza kuliko tulivyomwambia njoo. Leo nasikitika kwamba mwishowe alijifunza.

Mwaka 1935 aliingia shule ya misheni hapohapo Kinampanda. Alisoma vizuri, hesabu hasa, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, jambo ambalo hakuacha kunikumbusha hata nilipokuwa mwalimu mwenye cheti. Masika ya mwaka 1937 aliumwa koo. Koo lilipona, yakafuata magoti. Yalivimba, yakawa ya moto, kisha maumivu yakahama yakaingia viwiko, yakarudi tena magotini. Alilala ndani tangu uwele ukiwa mchanga mpaka tukavuna. Aliposimama tena tulichinja mbuzi, tukashukuru, tukadhani mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Tangu hapo Damari hakuweza kupanda mlima wa kisimani bila kusimama. Alikuwa anahema, midomo inakuwa myeusi, mkono ameuweka hapa kifuani. Kwa kuwa hakutaka kuchekwa, alibuni dawa yake: kila alipochoka aliinama akajifanya anatoa mwiba mguuni. Wasichana wenzake wakawa wanamngoja na kumtania kwamba miiba yote ya Iramba imemchagua yeye. Naye alijibu, "Miiba inajua penye nyama tamu." Wote walicheka, na katika kucheka kule yeye alipata pumzi yake.

Sasa nitasema neno juu ya baba yetu, naye amelala katika makaburi ya Kinampanda na hawezi kunijibu. Miaka ile, na hata sasa, mtu akihema tu watu wanasema ana kifua kikuu. Wanasogeza mikeka yao. Hawanywi tena kwenye kibuyu chake. Binti wa nyumba ile haolewi, na hata dada zake wanapata taabu. Baba aliliogopa hilo kuliko alivyoogopa njaa. Jioni moja alituweka mbele yake sote.

"Katika nyumba hii," alisema, "hakuna mtu anayehema. Mmesikia?"

"Baba Isaka," alisema mama, "mtoto anahema. Na kukohoa hakohoi. Si kifua kikuu."

"Nimeuliza kama mmesikia."

Tukasema tumesikia. Damari naye alisema amesikia, akiwa anahema. Hivyo ndivyo binti aliyewahubiria majogoo alivyofundishwa kunyamaza juu ya jambo moja tu, nalo ndilo lililokuja kumuua.

Mwaka 1943 marehemu alianza kazi ya kufundisha watoto wa darasa la kwanza hapa Ulemo. Aliipenda kazi ile. Alifundisha akiwa amekaa kwenye kigoda, watoto wamemzunguka. Mkaguzi alipokuja akamuuliza kwa ukali kwa nini hasimami mbele ya ubao kama walimu wengine. Damari alimjibu kwa adabu zote kwamba watoto humsikia vizuri mwalimu akiwa kimo chao. Mkaguzi aliondoka amefurahi, akaenda kulisema jambo hilo katika shule nyingine kama utaratibu mpya wa kufundisha. Wengi wenu hapa mnaojua kusoma mlianzia kwenye kile kigoda. Alikaa kwa sababu hakuweza kusimama. Hakuna aliyejua, kwa kuwa sisi wenyewe tulificha.

Tarehe 27 Julai 1946 alifunga ndoa na Gasto, mwana wa Mzee Melkizedeki wa hapa Ulemo. Gasto ni mtu wa reli, anafanya kazi Itigi, na huja nyumbani kila apatapo ruhusa. Kwa Gasto sina hasira, na naomba hilo lisikike. Kabla ya posa kujibiwa, Damari alivunja amri ya baba akamwambia mwenyewe, nami nilikuwapo.

"Mimi nahema," alimwambia. "Sikohoi, sitemi damu, lakini nahema. Kama unataka mke wa kukimbia, tafuta mwingine."

Gasto akasema, "Magari yanayokimbia nayaona kila siku kule Itigi, nimeyachoka."

Wakaoana. Mungu aliwapa Klara mwaka 1947 na Mathayo mwaka 1950. Baada ya kumzaa Mathayo marehemu alivimba miguu, na usiku alilala ameegemea mto kwa kuwa akilala chali alihisi kuzama. Nyumba yote ilijua. Mzee Melkizedeki naye alijua, kwa maana ndiye aliyeamuru kinu kihamishwe kutoka uwanjani kiende nyuma ya ghala, ili wapita njia wasisikie pumzi za mke wa mwanawe akitwanga. Hakusema asitwange. Alisema asisikike.

Shikamoo, mzee. Nakuheshimu. Wewe ni mzee wa kanisa na baba wa shemeji yangu, na watoto wa dada yangu wanalala chini ya paa lako. Nitasema yaliyobaki nikiwa nimekuamkia.

Jumatatu tarehe 10 Septemba mwaka huu wa 1956, marehemu aliteleza kwenye mwamba wa kisimani akiwa na mtungi. Alivunjika mkono wa kushoto, mifupa yote miwili ya chini ya kiwiko. Nataka mlisikie vizuri hilo. Mkono. Watoto wetu huvunjika mikono kila msimu wa maembe, wanafungwa, wanarudi kupanda tena. Gasto alikuwa Itigi. Mzee Melkizedeki, nampa haki yake, hakulala. Alitafuta lori la mtama, akampandisha mkwewe mbele kwa dereva, yeye mwenyewe akakaa nyuma juu ya magunia na vumbi lote lile, akamfikisha hospitali. Hospitali hiyo siitaji jina. Mchungaji ameniomba hivyo, na katika hilo nimekubali.

Yaliyotokea asubuhi ya Jumatano nimeelezwa na Zefania, dresa, yaani msaidizi wa daktari pale, ambaye ndiye aliyekuwa anamtafsiria daktari Mzungu, na pia nimeyasikia kwa mdomo wa Mzee Melkizedeki mwenyewe. Maelezo yao hayapishani.

Marehemu alikaa kwenye benchi ameinamisha kichwa, kama mke wa mwana anavyokaa mbele ya baba mkwe. Mnajua desturi yetu. Baba mkwe akiwapo, mke hamtazami usoni, hasemi habari za mwili wake, na nguo yake haifunguliwi hata kifungo kimoja. Daktari akauliza maswali yake, na Zefania akayageuza: ana ugonjwa gani mwingine, anakohoa, anahema akitembea?

Swali likamwendea mkubwa, kama ilivyo ada.

"Huyu ni mzima," alisema Mzee Melkizedeki. "Analima, anatwanga, anabeba maji. Ni mkono tu."

Daktari akachukua mpira wake wa kusikilizia kifua. Zefania akasema, "Mama, fungua kidogo hapo juu, daktari asikilize." Damari akaishika kanga kwa mkono mzima, akaikaza. Angefanya nini? Miguu ya baba mkwe ilikuwa palepale mbele ya macho yake. Hakuna aliyemwambia mzee atoke nje. Yeye hakuona sababu ya kutoka, daktari hakujua kwa nini mgonjwa anang'ang'ania nguo, na Zefania, ambaye ni Mnyiramba mwenzetu na aliijua sababu, aliona haya kumwambia mtu mzima mwenye mvi aondoke. Nje foleni ilikuwa ndefu. Daktari akasema basi, bado ni kijana, ni mkono tu. Akautundika mpira shingoni.

Maneno ya kumwokoa yalikuwa machache: mzee, tafadhali, tungojee nje. Watu wawili wenye ndimi zao, dada yangu na Zefania, walishindwa kuyasema, na wa tatu, daktari, hakujua kwamba yanahitajika.

Wakamwingiza chumba cha kupasulia. Huko mzee hakuwapo, na dada yangu akapata nafasi yake. Walipomlaza mezani alisema, "Msinilaze chali. Nikilala chali nazama." Zefania ameniapia kwamba hayo ndiyo maneno yake. Wakadhani ni woga. Zefania akampapasa bega akamwambia, "Usiogope, mama, ni usingizi mdogo tu." Wakamlaza chali. Wakamfunika pua na mdomo kwa kitambaa, wakadondosha klorofomu, naye akalala upesi. Daktari akauvuta mkono, mifupa ikakaa sawasawa, akaanza kuzungusha plasta. Zefania alikuwa ameshika mshipa wa mkono wa pili. Anasema ulipiga kwa nguvu kidogo, ukazidi kuwa mwembamba, kisha vidole vyake havikusikia kitu. Walimbonyeza kifua, walimchoma sindano, walimwita jina. Damari hakurudi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini.

Mkono ulinyooshwa vizuri. Nimeuona jana nilipokwenda kuuchukua mwili. Plasta imefika nusu ya mkono. Tunamzika nayo.

Nilimfuata daktari ofisini kwake nikiwa na nia ya kumtukana. Nilimweleza kwanza habari za koo, za magoti, za miiba, na za kulala kwa kuegemea. Aliponisikia aliketi chini. Nikamwuliza dawa gani hii inayomuua mtu aliyekuja na mkono. Akakunja ngumi akaifungua, akaikunja tena, mbele ya uso wangu.

"Moyo ni msuli," alisema, na Zefania akawa anageuza. "Kazi yake ni kujikaza na kulegea. Dawa ya kuvuta kwa pumzi inakwenda kulaza ubongo, lakini njiani inaingia kwenye damu, na damu inapita moyoni. Klorofomu inaudhoofisha msuli ule. Moyo unajikaza kwa nguvu ndogo zaidi, na ikizidi unaacha kujikaza."

"Kwa kila mtu?"

"Kila mtu inampunguzia nguvu. Mwenye moyo mzima ana akiba, hupungukiwa kidogo na hajui. Kwa haya uliyonieleza, ugonjwa ule wa magoti uliharibu mlango mmojawapo wa moyo wa dada yako. Moyo wake ulikuwa unatumia nguvu zake zote kila siku, hata akiwa amekaa. Haukuwa na kitu cha kupunguziwa."

Ninyi mnaokamua ng'ombe mtaelewa. Mkono uliopumzika unaweza kuzubaa kidogo na maziwa bado yakatoka. Lakini mkono uliokamua zizi zima peke yake mpaka vidole vinatetemeka, ukiudhoofisha kidogo tu, maziwa hayatoki tena. Damari alikuwa amekamua zizi zima tangu mwaka 1937.

Nikamwuliza kama hakukuwa na dawa nyingine. Akasema ipo etha. Inakawia na inamkohoza mtu, lakini haiuonei moyo namna ile, na ilikuwa rafuni palepale. Kisha akasema neno lililonitoa machozi ya hasira. Alisema hata etha isingehitajika. "Ningejua, ningemchoma sindano ya ganzi mkononi tu. Angekaa macho, ameegemea mto wake, akatazama ninavyomfunga."

"Ningejua," nikamwambia. "Ulikuwa na mpira shingoni."

"Niliuliza," alisema. "Nikaambiwa ni mzima."

"Na masikio yako uliyaambia nini?"

Sikumtukana. Alikuwa analia, na mimi sikutaka kulia pamoja naye, nikatoka nje.

Sasa, ndugu, tangu juzi nimesikia mengi katika msiba huu. Wako wanaosema dada yangu alirogwa kisimani. Wako wanaosema hospitali inaua, heri kubaki nyumbani na mizizi. Hao wasipate kisingizio hapa. Mkono ule nyumbani ungeoza. Dawa ya usingizi imewalaza watu wengi wa nchi hii, wakaamka, nao wako hapa wamekaa wanatafuna karanga. Hakuna mchawi. Yuko daktari aliyekuwa na haraka, yuko dresa aliyeona haya, na iko nyumba yetu na nyumba hii, zilizoficha pumzi za mtu mmoja kwa miaka kumi na tisa ili majirani wasisogeze mikeka.

Nilimwuliza Mzee Melkizedeki jana mchana mbele ya wazee wenzake kwa nini alisema ni mzima. Hakukana. Alisema, "Mwalimu, ningesema anahema, wangempeleka banda la wenye kifua kikuu. Nani angekanyaga tena kwangu? Nani angewaoa wajukuu wangu?" Kisha akajifunika uso kwa shuka. Naamini alimpenda Damari. Naamini pia kwamba angerudishwa mbele ya benchi lile leo asubuhi, angesema vilevile, na hilo ndilo linalonichoma. Wazee waliokuwapo walitikisa vichwa kwa kumwelewa. Walimwelewa! Hata mmoja hakusema, mzee, hapo ulikosa. Basi nasema mimi: mzee wangu, ulikosa. Na baba yangu Mathayo alikosa kabla yako.

Laiti yangekuwa yamekwisha na Damari, ningenyamaza, nikarudi shuleni kwangu na hasira zangu. Hayakwisha. Masika haya yaliyopita Klara, binti yake mkubwa, aliumwa koo. Baada ya koo yakavimba magoti. Mama yake aliyajua magoti yale alipoyaona, akanitumia habari nije, nikaja. Mtoto amepona magoti, lakini sasa akitoka shule anakaa njiani, na mama yangu Selina, aliyekwisha kuliona jambo hili mara moja, amemwekea sikio mgongoni akausikia moyo ukivuma. Nyumba hii inasema Klara ni mvivu. Jana jioni, wazee wa nyumba hii walipopitia maandishi haya, niliombwa kwa upole kabisa nifute kifungu hiki, maana msibani kuna wageni, na mtoto ni wa kike, na habari husafiri.

Zisafiri. Simdai mtu ng'ombe wa fidia, wala sikuja kumchukua mtoto. Klara ni wa ukoo huu, na baba yake yuko hai. Nimezungumza na Gasto leo alfajiri, naye ameniambia, "Soma yote, shemeji. Kama ningekuwapo pale ningesema." Najua angesema. Lakini Gasto atarudi Itigi, maana reli haingoji matanga yaishe.

Marehemu Damari Mathayo alifariki Jumatano tarehe 12 Septemba 1956, na tunamzika leo Ijumaa tarehe 14 hapa Ulemo. Ameacha mama, Selina, kaka, mimi Isaka, mume, Gasto, baba mkwe, Mzee Melkizedeki, na watoto wawili: Mathayo, mwenye umri wa miaka sita, ambaye ni mzima, na Klara, mwenye umri wa miaka tisa, ambaye ana ugonjwa wa moyo. Imepigwa chapa hivyo katika kila karatasi mliyoishika, nami nimeisoma kwa sauti, na wageni mmesikia.

Mwenyezi Mungu ampokee Damari, ampumzishe, na huko ahesabiwe haki ya kulala apendavyo. Na yeyote atakayemfikisha Klara mlangoni kwa daktari, awe baba yake, awe babu yake, awe mimi, aseme kwamba mtoto huyu ana moyo mgonjwa, kisha atoke nje. Aseme kabla hata ya shikamoo.